Ghala Lenye Vyumba Ishirini: Mchezo wa Kutisha Uliojengwa kwa Chombo cha Takwimu

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa walimu wa vituo vya kompyuta, makarani wa takwimu na viongozi wa vijana wakati wa mafunzo yao. Tumeifupisha kidogo. – Mhariri



Nimeombwa nizungumze kuhusu mchezo ambao vijana wa darasa la pili la kompyuta wameujenga. Najua kwamba habari zake zimenitangulia. Baadhi yenu mmeambiwa kuwa kituo cha kanisa kinawafundisha vijana kutengeneza mizimu. Wengine mmesikia kuwa chombo kile kile tunachokitumia kuhesabu visima na watoto wa kliniki kimegeuzwa kuwa mahali pa kuchezea. Habari hii ya pili ni ya kweli kabisa. Ile ya kwanza nitaifikia, kwa kuwa ndani yake kuna jambo zito kuliko wasemavyo wanaoieneza.

Nianze na chombo chenyewe. Kinaitwa Streamlit. Ni maktaba ya lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma mwezi Oktoba 2019. Hutolewa bure na msimbo wake uko wazi, hata baada ya kampuni ya Snowflake ya Marekani kuinunua kampuni iliyokitengeneza mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 800. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mtu mwenye jedwali la takwimu huandika mistari michache ya Python, na kwa mistari hiyo hupata ukurasa wenye chati, vitufe na fomu, unaofunguka katika kivinjari cha kompyuta au simu yoyote. Hahitaji kusomea lugha nyingine za kutengenezea tovuti. Kwa vituo kama vyetu, ambavyo mwalimu mmoja hufundisha kila kitu kuanzia kuwasha kompyuta hadi kuandika ripoti, huo ni msaada mkubwa.

Chombo hiki hakikukusudiwa kwa michezo. Hata hivyo, mmoja wa waanzilishi wake, Adrien Treuille, alitoka kwenye michezo. Kabla ya Streamlit alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa Foldit, mchezo uliotolewa mwaka 2008 kutoka Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambamo watu wa kawaida hukunja umbo la protini kama mtoto anavyokunja karatasi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wachezaji wa Foldit walikuwa wamesaidia kupata umbo la kimeng'enya cha kirusi kinachosababisha ugonjwa unaofanana na UKIMWI kwa nyani. Wanasayansi walikuwa wamehangaika na umbo hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walichukua majuma yapatayo matatu. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba mchezo na kazi ya maana haviwezi kukaa meza moja.

Kwa nini mchezo wa kizamani

Vijana wa leo wameona michezo yenye picha kama sinema, na walipoanza walitaka hiyo. Mwalimu wao aliwaambia, kwa haki, kwamba Streamlit haiwezi. Haina uwezo wa kuchora picha thelathini kwa sekunde huku mchezaji akikimbia. Inangoja mtu abofye, kisha inajibu. Mchezo wowote utakaojengwa juu yake utakuwa wa zamu: mimi nabofya, wewe unajibu, mimi nabofya tena.

Basi wakarudi nyuma kwenye historia, na huko walikuta watu waliokuwa na vifaa hafifu kuliko vyetu na bado waliwatisha wachezaji wao. Mwaka 1973, Gregory Yob wa Marekani aliandika mchezo uitwao Hunt the Wumpus kwa lugha ya BASIC. Hauna picha hata moja. Kuna vyumba 20 vya pango, kila chumba kina milango mitatu, na ndani ya chumba kimoja kuna mnyama. Ukiwa jirani naye, kompyuta inakuandikia kwamba unasikia harufu yake. Basi. Mambo mengine yote unajitengenezea mwenyewe kichwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza Malcolm Evans aliandika 3D Monster Maze kwa ajili ya kompyuta ya Sinclair ZX81. Mashine hiyo haikuwa na rangi wala sauti, na mchezo wote uliingia katika kumbukumbu ya kilobaiti 16, ambayo ni ndogo kuliko picha moja ya simu mliyopiga asubuhi hii hapa nje. Mchezaji alitembea katika njia zenye kona akimkwepa mjusi mkubwa wa kale. Chini ya skrini palikuwa na mstari mmoja wa maandishi uliomwarifu kama mnyama anavizia, anamtafuta, au amekwisha kumwona. Mstari huo mmoja ndio uliofanya kazi ya sauti, muziki na giza. Na mwaka 1982, katika mchezo wa Haunted House wa Atari, mchezaji mwenyewe alionekana kama jozi ya macho tu ndani ya nyumba yenye giza, akiwasha njiti za kiberiti kutafuta vipande vitatu vya chungu kilichovunjika.

Naomba muyakumbuke macho hayo, nitayarudia.

Vijana wetu walichukua ramani ya Yob, vyumba 20 na milango mitatu kwa kila chumba, wakaiweka ndani ya ghala la zamani la mtambo wa kuchambulia pamba. Wengi wao wanatoka Kanda ya Ziwa na maghala kama hayo wameyaona. Mchezaji amejifungia ndani usiku, ana taa ya chemli, na mafuta ya taa yanapungua kwa kila hatua. Anatafuta ufunguo wa mlango mkubwa. Hayuko peke yake.

Karani anayesahau

Sasa nisikilizeni hapa, hasa makarani. Programu ya Streamlit hufanya kazi kwa namna moja ambayo huwashangaza wote wanaoanza. Kila mtumiaji anapobofya kitufe, anapochagua jina katika orodha au anapoandika neno katika kisanduku, programu husomwa upya kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Haisomwi sehemu iliyoguswa tu. Mfikirieni karani wa kliniki ambaye kila mama anapojibu swali moja hufunga daftari, husahau kila kitu, kisha huanza tena kumwuliza jina. Kwa chati ya visima hilo halina shida. Jedwali la visima liko kwenye faili, linasomwa tena, chati inachorwa tena, na aliyebofya haoni tofauti.

Kwa mchezo ni balaa. Vijana waliandika: zimwi likae katika chumba chochote kwa bahati nasibu. Mchezaji akabofya mlango wa kushoto. Programu ikasomwa upya kutoka juu, ikafika kwenye mstari wa bahati nasibu, zimwi likapewa chumba kipya. Akabofya tena, likahama tena. Naye mchezaji kila alipobofya alirudishwa chumba cha kwanza na taa yake ikajaa mafuta upya. Palikuwa na mchezo ambao hakuna awezaye kufika popote, na zimwi linaloruka kama panzi.

Dawa yake ni kumpa karani huyo mfuko. Katika Streamlit mfuko huu huandikwa st.session_state, na uliongezwa rasmi mwaka 2021. Kitu kilichotiwa mfukoni hakisahauliki programu inaposomwa upya. Kwa hiyo vijana walibadilisha sentensi yao: kama mfukoni hakuna chumba cha zimwi, chagua chumba na ukitie mfukoni, kama kipo, usikiguse. Wakafanya vivyo hivyo kwa chumba cha mchezaji, mafuta ya taa, ufunguo, na orodha ya vyumba vilivyokwisha kutembelewa. Kitufe nacho kina tabia yake: hukumbuka kwamba kimebofywa kwa usomaji mmoja tu, halafu husahau. Anayetaka tendo la kitufe lidumu lazima alitie mfukoni papo hapo.

Haya mnaweza kuyasoma katika mwongozo wowote. Lakini niwaambie nilichokiona mwenyewe. Muhula uliotangulia, vijana hao hao walijenga fomu ya kuandikisha kaya. Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na mtu akifika ukurasa wa pili majibu ya ukurasa wa kwanza yalikuwa yametoweka. Walisema kompyuta imegoma. Waliiwasha upya, wakaandika tena, wakaendelea na maisha. Hakuna aliyeuliza majibu yanakaa wapi. Walipopoteza zimwi waliuliza siku hiyo hiyo, na walikaa hadi jioni mpaka walipopata jibu. Kisha msichana mmoja, bila kuambiwa na mtu, akafungua ile fomu ya kaya na kuirekebisha.

Mimi nimefundisha mfuko huu kwa mifano ya kuhesabu mibofyo, kama miongozo mingi inavyofanya. Mwanafunzi anabofya, namba inapanda kutoka 1 hadi 2. Anaelewa, lakini hajali. Katika ghala, mtu aliyepoteza hatua 11 na mafuta yake yote kwa sababu ameufungua ukurasa upya anajali sana. Maana mfuko nao una mwisho wake: ukifungua ukurasa upya, Streamlit inakuhesabu kuwa mgeni, na mgeni huanza na mfuko mtupu. Anayetaka kitu kidumu kuliko hapo akiandike kwenye faili au hifadhidata. Kwa karani aliye kijijini, ambaye kivinjari cha simu yake hujifunga betri inapopungua, jambo hilo ni kaya iliyohojiwa kwa nusu saa na kupotea.

Taa iliyozimwa na mtu mwingine

Kuna mfuko wa pili, na huu ningependa wakuu wa miradi wausikie.

Siku ya kwanza ya majaribio, programu iliwekwa kwenye kompyuta mpakato moja na wengine wakaifungua kutoka kwenye mashine zao kwa mtandao wa ndani wa darasa. Hauhitaji intaneti kwa hilo. Unatosha ule mtambo mdogo wa kurusha mawimbi, na kila mmoja anaandika anwani ya kompyuta ile pamoja na namba 8501. Vijana wawili walikaa pande mbili za chumba. Mmoja alisimama katika chumba cha tatu cha ghala, hajabofya kitu, anafikiri. Alipobofya hatimaye, taa yake ilikuwa imepungua mafuta ya hatua sita ambazo hakuzitembea, na mlango uliokuwa umefungwa ukaonekana wazi. Akapiga kelele. Wenzake wakashangilia, wakidhani ni ufundi.

Ufundi haukuwepo. Waliiweka hali ya ghala katika hifadhi ambayo Streamlit huishiriki kwa watumiaji wote kwa pamoja, ile inayokusudiwa kwa vitu kama muunganisho wa hifadhidata, ambavyo ni vizuri viwe kimoja kwa kila mtu. Kijana wa upande wa pili alipotembea, alitembea na taa ya mwenzake.

Sote tulicheka, nami nilicheka. Halafu nikawauliza: ingekuwa ile ni programu ya kliniki, na kilicho katika hifadhi hiyo si taa, ni kumbukumbu ya mama aliyepimwa VVU? Karani wa chumba kimoja anafungua ukurasa wake na kukuta jina la mama aliyeko chumba cha pili. Ni mstari ule ule wa msimbo uliokosewa. Kimya kilichofuata hakikuhitaji mchezo. Tangu siku hiyo darasa lina sharti kwamba programu yoyote inayogusa habari za watu lazima ijaribiwe na watu wawili kwa wakati mmoja kwenye mashine mbili kabla haijatoka nje ya chumba. Nawaombeni walimu wa vituo vingine mlichukue sharti hili kama lilivyo.

Kuhusu sura ya mchezo sina mengi. Streamlit huruhusu kubadili rangi na herufi kwa faili fupi ya mipangilio, na vijana wameweka usuli mweusi na herufi za kijani zenye upana sawa, kama skrini za kale. Picha ni chache. Kila moja ni jedwali la namba, safu 64 kwa safu 64, kila namba ikiwa kiasi cha mwanga, kisha jedwali hukuzwa bila kulainishwa mpaka miraba ionekane. Walijifunza hapo kwamba picha ni takwimu, jambo ambalo nilikuwa nimeshindwa kulieleza kwa maneno. Sauti wameiacha. Vivinjari vingi huzuia sauti mpaka mtu aguse ukurasa, na kwa kweli ghala ni bora likiwa kimya.

Ujumbe ndio uliowachukua muda. Kompyuta huhesabu umbali kati ya mchezaji na zimwi kwa kuuliza majirani: je, liko katika chumba kilicho jirani yangu? Kama hapana, je, liko kwa jirani wa jirani? Katika ramani ile ya vyumba 20, umbali mkubwa kabisa ni hatua tano. Kwa kila umbali kuna sentensi yake. Hatua nne: mahali fulani mnyororo unaburuzwa. Hatua tatu: mnyororo umesimama, kisha umeanza tena. Hatua mbili: vumbi linadondoka kutoka darini. Kwa hatua moja waliandika sentensi nyingi za damu na meno, zote dhaifu. Ndipo kijana mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hasemi, akapendekeza kwamba kwa hatua moja programu isiandike chochote. Walijaribu. Niliucheza mchezo huo saa nne mchana, dirisha likiwa wazi, na mnyororo uliponyamaza niliondoa mkono wangu kwenye kipanya.

Zimwi ni nani?

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Katika mchoro wa kwanza kabisa, zimwi la ghalani lilikuwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Hakuna aliyelibuni kwa nia mbaya. Waliulizwa wachore kitu cha kutisha, na mkono ulichora kilichokuwa tayari kichwani. Nami niliutazama mchoro ule, miraba 64 kwa 64, macho mawili mekundu juu ya weusi, nikajua kwamba hapa hatuchezi tena.

Ninyi mnaotoka Shinyanga, Mwanza na Tabora hamhitaji maelezo. Kwa miaka mingi wanawake wazee katika maeneo hayo wameshukiwa uchawi, wamefukuzwa katika nyumba zao na wengine wameuawa, na moja ya alama zinazotajwa dhidi yao ni macho mekundu. Sheria ya uchawi tuliyo nayo ina asili yake mwaka 1928, na haijatosha kuwalinda. Macho hayo yana sababu inayojulikana. Ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi kavu kwa miaka arobaini au hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho mekundu. Miradi yetu ya majiko sanifu inafahamu habari hiyo. Tumeandika ripoti zake. Na hapa, katika kituo chetu wenyewe, tulikuwa karibu kutoa mchezo unaomfundisha kijana amkimbie bibi huyo, au ampige.

Wengine walishauri niufute mchezo wote. Mchungaji mmoja aliniambia kwa upole kwamba hofu si chakula cha kanisa. Nilimsikiliza, na bado namheshimu. Lakini hofu ile ilikuwepo kabla ya mchezo. Kufuta mchoro kungeiacha mahali ilipokuwa, ila sasa ikiwa imejificha. Nikakumbuka pia habari ya Mathayo 14, ya wanafunzi ndani ya mashua usiku, upepo ukiwa mkali, waliomwona mtu akija juu ya maji wakapiga kelele kwa hofu wakidhani si mtu. Aliyekuwa akija ndiye aliyekuja kuwasaidia.

Niliwapa vijana sura ile, nikawaacha na mchoro wao kwa juma moja.

Waliporudi, macho mekundu yalikuwa bado ghalani, lakini zimwi lilikuwa limetengwa nayo. Zimwi sasa halina umbo. Ni mnyororo, vumbi na kimya, na hakuna picha yake hata moja katika msimbo wote. Macho ni ya mtu. Ni ya bibi aliyepikia vibarua wa mtambo ule kwa maisha yake yote, naye anautembea ghala lote gizani kwa sababu anaujua. Ufunguo anao yeye. Mchezaji anapokutana naye, anaona macho tu, kama yule mchezaji wa Haunted House alivyoonekana, na vitufe vitatu: kimbia, piga, mwangazie taa. Akikimbia, atakutana naye tena. Akimwangazia, anatumia mafuta ya hatua mbili, anamwona bibi mzima na kitambaa chake cha kichwani, na bibi anamwuliza umekula. Akimpiga, taa inazimika. Skrini inabaki nyeusi, mnyororo hausikiki tena, na hakuna kitufe chochote cha kubofya.

Kulikuwa na mabishano makali kuhusu hapo mwisho. Baadhi walitaka kiandikwe kitu, mafundisho, namba ya simu ya polisi, mstari wa Biblia. Mimi nilipiga kura ya weusi mtupu, na kura yangu ilishinda kwa tofauti ya moja. Tunaweza kuendelea kubishana.

Kwa kuwa chombo hiki ni cha takwimu, kila hatua inaandikwa kwenye jedwali: namba ya chumba, mafuta yaliyobaki, kitufe kilichobofywa. Hatuandiki majina, umri wala shule. Ukurasa wa pili wa programu, unaofunguliwa na mwalimu peke yake, unaonyesha chati ya vyumba ambavyo watu hugeukia nyuma na chati ya walichofanya walipoyaona macho. Katika chati ya kwanza kuna chumba kisicho na hatari yoyote, chenye maelezo ya sentensi moja kuhusu kiti kilichoelekezwa ukutani, na watu wanageuka hapo kuliko mahali palipo na shimo. Chati ya pili sitawaonyesha leo. Waliocheza mpaka sasa ni vijana wetu wenyewe, na wote walikwisha kuambiana siri ya bibi, hivyo takwimu zake hazina maana. Zitakuwa na maana siku watakapocheza watu wasioijua, na hao ni ninyi.

Mchezo utakuwa wazi katika chumba cha kompyuta baada ya chai, kwenye mashine nane. Watoto walio chini ya miaka 12 wasiingie, hata wakilia. Walimu wanaotaka msimbo waje na flashi, ni faili tatu na haufiki hata ukurasa wa ishirini ukiuchapa. Atakayepiga asione haya kuniambia, na atakayemwangazia bibi asiwaambie walio nyuma yake kwenye foleni.